Kikapu cha Miyaa

Mimi ni karani, nala kwa kalamu. Lakini ada yangu ya shule ilitoka katika ukili wa mama yangu, huku Tezo. Wengi hudhani kikapu ni kazi ya jioni moja. Sivyo. Majani machanga ya mkoma, yasiyofunguka bado, hukatwa porini, huanikwa mpaka yawe meupe, kisha huchanwa nyembamba, ndiyo miyaa. Miyaa husukwa ukili mrefu, nao hushonwa kwa kuzungushwa, ukingo kwa ukingo, tangu kitako hata mdomo. (Pakacha la kuti la mnazi ni jambo jingine: husukwa kabla chai haijapoa.)

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, tarehe 28 Agosti 2017, nilitazamia bei ipande. Mchuuzi akaleta bei ile ile, akidai kwamba miyaa ya porini haina gharama. Nikamhesabia siku za kukata, kuanika, kusuka na kushona, akacheka. Mama akakirudisha kikapu ukutani. Hofu yake si mchuuzi, ni vijana wakatao kila chipukizi la mkoma; yeye huacha moja katika kila shina, hata siku za dhiki.