Mawe ya Engaruka

Magari mengi ya watalii yakifika Mto wa Mbu yanapanda moja kwa moja Karatu na Ngorongoro. Mimi nilikata kulia, barabara ya vumbi, hadi Engaruka. Jamani! Nchi kavu kabisa, lakini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kuna matuta na mifereji ya mawe yaliyopangwa bila saruji, hekta 2,000 hivi. Wakulima wa karne ya 15 hadi ya 18 waliteka vijito vya milima ya Ngorongoro, wakamwagilia mtama. Hawakuacha maandishi. Wengine wanasema ni mababu wa Wairaqw, wengine Wasonjo, ubishi haujaisha. Shuleni tuliambiwa umwagiliaji ni kilimo cha kisasa. Kisasa gani, wakati mbuzi wanakanyaga mfereji uliojengwa kabla Mjerumani hajaja?