Mita 500

Jumatano, 7 Agosti 2024. Usiku

Usingizi umekataa. Kocha anataka jibu wiki hii: naingia K2, kayaki ya watu wawili, na yule binti wa mazoezini, au siingii. Mita 500! Mimi ni mtu wa 200. Unaondoka kwa nguvu zote, sekunde arobaini na kitu, basi. 500 inataka mapafu, inataka mtu ajue kujigawa. Na umri nao huu.

Lakini kuna jambo linanizunguka kichwani. K1 200 ya wanawake iliingia Olimpiki London 2012, ikafutwa baada ya Tokyo. Michezo mitatu tu. London, Rio, Tokyo, dhahabu zote kachukua mtu yuleyule, Lisa Carrington wa New Zealand. Hakuna mwanamke mwingine duniani aliyewahi kuishinda kwenye Olimpiki. Wamemfutia mbio zake, naye bado yumo hapa Paris: K4, K2, K1, zote mita 500. Ana miaka 35.

Tiketi ziko mezani. Nilale.

Alhamisi, 8 Agosti

Vaires-sur-Marne. Treni ya P kutoka Gare de l'Est, watu tele, bendera tele.

K4 ni chombo cha mita 11. Wanne ndani yake, na kafi la kila mmoja lina ncha mbili. Ukiwatazama kwa ubavu huoni wanne, unaona mkono mmoja unaoingia majini na kutoka. Carrington, Hoskin, Brett, Vaughan. Tokyo K4 ya New Zealand haikupata medali. Leo dhahabu! Ujerumani wa pili, Hungaria wa tatu. Nimepiga kelele mpaka koo limekauka, mzee wa pembeni yangu ananitazama tu.

Carrington hakuwahitaji hao wenzake ili awe bingwa. Peke yake alishakuwa bingwa, tangu ubingwa wa dunia wa Szeged 2011. Na bado kakubali kupiga kafi kwa mwendo wa wanne. Hili limenigusa kuliko medali yenyewe.

Ijumaa, 9 Agosti

K2 na Alicia Hoskin. Dhahabu tena. Hungaria fedha, na shaba ikagawanywa kati ya Ujerumani na chombo cha pili cha Hungaria. Hoskin ni mdogo kwa Lisa kwa zaidi ya miaka kumi. Tokyo alishinda K2 na Caitlin Regal, leo na Hoskin. Mwenzake kabadilika, na mwendo ikabidi ujengwe upya, maana watu wawili hawarithi mwendo.

Yule binti wa mazoezini naye ananiita dada, kwa adabu kabisa, halafu akikaa kwenye chombo ananivuta kama ng'ombe wa mkokoteni. Nguvu anazo. Anachokosa ni subira ya katikati, pale mita 250 hadi 400 ambapo mapaja yanawaka na mstari bado hauonekani. Je, mimi ninayo? Sijui. Sijawahi kuulizwa na mbio.

Mama kapiga simu kutoka Tanga. Nimemwonyesha video. "Mwanangu, ngalawa ina mirengu na bado inapinduka. Hicho kinakaaje?" Nikamwambia, mama, kinakaa kikiwa kinakwenda, kikisimama ndiyo shughuli. Akanyamaza kidogo. "Basi usisimame." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 10 Agosti

Leo K1. Peke yake, kilo 12 za chombo chini yake.

Asubuhi nusu fainali, kisha fainali siku hiyohiyo, baada ya Alhamisi na Ijumaa. Mwili gani huo? Nilikuwa nikiangalia miguu, ingawa miguu haionekani. Kiuno ndicho kinachosema. Goti linasukuma, kiuno kinazunguka, mkono unafuata tu. Wengi wetu tukichoka tunaanza kuvuta kwa mikono. Yeye mita 100 za mwisho kiuno kilikuwa bado kinazunguka vilevile.

1:47.36. Rekodi ya Olimpiki. Dhahabu ya nane, medali ya tisa. Msichana wa Kimaori kutoka Ohope, New Zealand, huko ufukweni.

Pale jukwaani: Carrington, Csipes wa Hungaria, Jørgensen wa Denmark. Watatu walewale wa Tokyo, kwa mpangilio uleule! Na Rio, kwenye mbio hizihizi, Lisa alikuwa wa tatu, Jørgensen mbele yake. Kwa hiyo 500 haikuwa yake. Kaifanya yake, polepole, akiwa tayari malkia wa 200. Rio shaba, Tokyo dhahabu, Paris dhahabu.

Nimelia kwenye treni. Kilio cha raha.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimemwambia kocha ndiyo. Hakushangaa, akaandika tu kwenye daftari lake.

Jioni tumeingia mto Marne, binti na mimi. Kocha kaniweka mbele, nishike mwendo na usukani. Mita za kwanza tulikuwa tunagombana na maji, kila mtu na lake. Karibu na daraja kafi zikaingia pamoja, mara kadhaa mfululizo, na chombo kikainuka. Nikasikia anacheka nyuma yangu. Nami nikacheka.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nimkumbushe kocha asogeze kiti cha nyuma, miguu ya yule mtoto ni mirefu kuliko yangu.