Sensa Haikuwa Adui Yangu

Stima zikipotea, kinyozi yetu huishi kwa jenereta ndogo ya petroli. Juzi ikaanza kujizima kila baada ya dakika chache, mteja kanyolewa nusu kichwa. Mimi mjuaji nikachomoa waya wa sensa ya oili. Ikanguruma poa! Siku mbili baadaye injini ikakwama kabisa.

Kumbe hiyo sensa hukaa ndani ya injini ikicheki oili. Ikipungua sana, inakata moto wa plagi kabla vyuma havijasagana. Zile jenereta kubwa za dizeli hupima hadi presha ya oili na joto la maji.

Oili ingekula mia kadhaa tu. Injini imekula akiba yangu yote. Wasee, kitu kikikuonya, usikinyamazishe. Pima oili kwanza.