Lake Geneva: Mji wa ziwa uliozaa mchezo wa kusimulia

MJI wa Lake Geneva ulioko katika jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, una wakazi wapatao 8,000 pekee. Kutoka Chicago ni mwendo wa kilomita 130 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, na wengi wanaoufunga safari huo hufuata maji.

Ziwa lenyewe ni zuri ajabu. Kijia cha miguu cha kilomita 33 hivi huzunguka ufuo wote, kikipita mbele ya majumba ya kifahari ambayo matajiri wa Chicago walianza kuyajenga kwa wingi baada ya jiji lao kuteketea mwaka wa 1871. Kila mtu ana ruhusa ya kupita hapo, hata kama nyasi anazozikanyaga ni za milionea. Wakati wa kiangazi, barua hupelekwa kwa mashua. Kijana huruka kutoka kwenye mashua ambayo haisimami, akakimbia gatini, akatia barua sandukuni na kurukia mashua tena kabla haijampita. Anayechelewa huoga bila kupenda.

Kabla ya majumba hayo, ufuo huu ulikuwa wa Wapotawatomi. Waliondolewa mwaka wa 1836, na jina la Big Foot, kama Wazungu walivyomwita kiongozi wao, limebaki katika bustani ya jimbo iliyo kando ya ziwa.

Hata hivyo, kuna wageni wengine ambao hulipa ziwa kisogo. Hao hutafuta barabara ya Center, iliko nyumba ya kawaida ya mbao. Katika chumba cha chini cha nyumba hiyo ndimo mchezo wa Dungeons & Dragons ulimopikwa.

Mwenye nyumba wakati huo alikuwa Gary Gygax, aliyezaliwa Chicago mwaka wa 1938 na kuletwa Lake Geneva akiwa mtoto. Alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya bima mjini Chicago, na jioni akicheza michezo ya vita kwa sanamu ndogo za askari zilizopangwa juu ya meza ya mchanga. Mwaka wa 1968 alikodi ukumbi wa Horticultural Hall kwa dola 50 ili wapenzi wa michezo hiyo wakutane. Walifika watu wapatao mia moja.

Mwaka wa 1970 alipoteza kazi. Akiwa na mke na watoto wa kulisha, alijifunza kutengeneza viatu na kuifanya kazi hiyo humo humo nyumbani. Mchana nyundo na ngozi, usiku ramani na kalamu.

Mwishoni mwa 1972 alitembelewa na kijana aitwaye Dave Arneson, aliyesafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Minnesota. Arneson alikuwa amebuni jambo geni. Badala ya mchezaji kuamuru jeshi zima, kila mmoja alikuwa mtu mmoja tu: shujaa au mchawi, mwenye jina lake, mali yake na maisha yake. Wote waliingia katika mapango yaliyo chini ya ngome ya Blackmoor, wakimtegemea Arneson awaeleze wanachokiona.

Gygax aliomba maelezo, akayapanua, akaandika sheria. Na ni nani waliokuwa wa kwanza kuzijaribu? Watoto wake mwenyewe, Ernie na Elise. Baba alisimulia, wanawe wakaamua la kufanya.

Hapakupatikana mchapishaji. Mnamo Oktoba 1973, Gygax na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, walianzisha kampuni yao, TSR. Kaye alikopa dola 1,000 kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Mwenzao wa tatu, Brian Blume, alileta dola 2,000. Mapema 1974 walitoa visanduku 1,000 vyenye vitabu vitatu vidogo, bei dola 10, vikipangwa kwa mikono nyumbani. Vyote viliisha katika muda usiozidi mwaka mmoja. Lakini Kaye hakuyala matunda. Alifariki kwa maradhi ya moyo Januari 1975, kabla ya kutimiza miaka 37.

Msomaji huenda akauliza, mchezo huu huchezwaje? Kwa hakika si mgeni sana kwetu. Sote twajua “Hadithi! Hadithi!” na jibu lake. Tofauti ni kwamba hapa wasikilizaji wamo ndani ya hadithi. Mmoja huwa mwendeshaji, naye hueleza mahali na kusema kwa niaba ya kila mtu mwingine wanayekutana naye. Wengine, watatu hadi watano, huwa wahusika. Mwendeshaji huuliza swali moja tu tena na tena: “Mwafanya nini?” Jambo likiwa rahisi, hufanyika. Likiwa na mashaka, dadu huamua.

Dadu hizo za Lake Geneva zilikuwa za ajabu, nyingine zikiwa na pande 20, na awali zilipatikana katika orodha ya vifaa vya shule. Lakini familia yaweza kuanza na dadu mbili za ludo. Zikirushwa pamoja zina njia 36 za kuangukia, na njia 15 kati yake hutoa 8 au zaidi. Basi mwendeshaji akisema, “Pata 8 uvuke mto,” nafasi ya kufaulu ni karibu 42 kwa 100. Aliye hodari wa kuogelea aongezewe 1, na njia zake zafika 21. Mwanafunzi anajifunza hesabu bila kuambiwa.

Anayetaka kubuni safari yake achukue daftari la hesabu lenye miraba, achore mahali: vyumba, vijia, mto. Aweke watu watatu, na kila mmoja awe na kitu anachokitaka. Kosa la waendeshaji wengi ni kuandika mwisho kabla ya mwanzo. Tayarisha mahali, wala usitayarishe mwisho. Wachezaji wakiona kwamba lolote wafanyalo litawafikisha pale pale, watapiga miayo.

Wazazi wengine wamesikia kwamba mchezo huu ni wa kishetani. Uvumi huo ulivuma mwaka wa 1979, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Michigan alipotoweka na magazeti yakaulaumu mchezo. Mpelelezi wa kibinafsi aliyemtafuta aliandika kitabu mwaka wa 1984 akieleza kuwa kijana huyo alikuwa na dhiki nyingine, wala si mchezo uliompoteza.

Kilichowaumiza waanzilishi ni fedha. Mwaka huo huo wa 1979 Arneson alimshtaki Gygax akidai haki yake, na mwaka wa 1981 wakapatana kwamba wote wawili watajwe kuwa wabunifu. Gygax naye alishindwa katika vita vya ndani na katikati ya miaka ya themanini akaiacha TSR. Mwaka wa 1997 kampuni iliuzwa kwa Wizards of the Coast, ikahamia jimbo la Washington. Lake Geneva ikabaki mikono mitupu. Lile kongamano la watu mia moja, Gen Con, lilikuwa limekwishauhama mji huo zamani, na mwaka wa 2023 huko Indianapolis lilivuta zaidi ya watu 70,000.

Gygax alifariki mjini humo Machi 2008, na Arneson akamfuata Aprili 2009. Siku ya mazishi ya Gygax, marafiki walikusanyika, wakatoa dadu, wakacheza. Kutokana na kikao hicho ulizaliwa mkutano uitwao Gary Con, unaofanyika Lake Geneva kila Machi, barafu ikiwa inaanza kuyeyuka ziwani. Kampuni ilikwenda na fedha zake, lakini desturi ya kuketi mezani ilirudi nyumbani.

Tangu Januari 2023, sheria za msingi za mchezo huo zaruhusiwa kusomwa na kutumiwa na yeyote bila malipo. Kinachobaki ni meza, dadu, na mtu mmoja wa nyumbani aliye tayari kuuliza: “Haya, mwafanya nini?”