Baada ya Dae Jang Geum, Tutazame Nini?

Binti yangu alikuwa akitazama tamthilia za Kikorea usiku, simu chini ya shuka. Nilipomkataza, alininunia siku tatu. Siku ya nne, baada ya Isha, nikamwomba anioneshe anachokipenda. Ilikuwa Dae Jang Geum ya mwaka 2003, kisa cha mpishi wa kasri aliyekuja kuwa tabibu wa mfalme. Tuliimaliza, sehemu zote 54, na mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza, "Ya leo ipo?"

Kwa wazazi wanaotafuta nyingine za namna hiyo, ipo Reply 1988: majirani wa mtaa mmoja wa Seoul wakipelekeana sahani za chakula, kama tufanyavyo Ramadhani. (Pombe imo, mzazi awe karibu.)

Lakini iliyotutoa machozi ni Children of Heaven, filamu ya Majid Majidi wa Iran, ya mwaka 1997. Ali amepoteza viatu vya dada yake Zahra. Kwa kuchelea kumwongezea baba mzigo, wanachangia jozi moja ya raba: asubuhi huvaa Zahra, kisha humkimbilia kaka yake ili naye aende darasani.

Binti yangu alinigeukia. "Mama, viatu vyangu vya mwaka jana ulivikopa?"

Nilikuwa nimevikopa.