Si Pepo

Kabla ya kusaidiwa niliamini nina pepo. Kabati la chuma likibamizwa kwenye korido ya shule, nilijikuta nimejikunyata chini ya ngazi, sijui nimefikaje. Usiku sikulala, darasani nilisinzia. Siku ya mazoezi ya moto, king'ora kilipolia, nilitoka mbio hadi barabara kuu, nikaadhibiwa kwa kutoroka. Hakuna aliyeniuliza nakimbia nini.

Nilikuwa nakimbia Fizi, Kivu Kusini, Kongo. Tulitoka huko usiku kwa mtumbwi nikiwa mdogo, baba akabaki. Tuliishi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongomani, hadi kesi yetu ya kwenda Marekani ilipokubaliwa. Kambini kila jirani alikuwa na habari kama yangu, kwa hiyo hakuna aliyeihadithia. Kentucky niliingizwa darasa la umri wangu, Kiingereza sina, na kwa walimu nikawa kijana mkorofi.

Mshauri wa shule aliona kingine. Alituma fomu ya kuomba ruhusa nijiunge na kikundi chake, mama akakataa. Aliposikia "afya ya akili" alielewa kwamba mwanawe ameitwa kichaa, tena aliogopa serikali itamnyang'anya watoto. Simlaumu. Aliyemgeuza ni mkalimani wa shule, dada wa kutoka Uvira, aliyekuja kuketi naye jikoni: "Mama, hakuna atakayemchukua mtoto wako. Mwili wake bado unadhani vita inaendelea. Watamfundisha kuutuliza." Mama akasaini.

Siku ya kwanza mshauri alieleza kwamba aliyenusurika hatari hubaki macho hata hatari ikiisha: moyo hupiga mbio, usingizi hukataa, hasira huwaka bila sababu. Niliona kama anasoma siri zangu. Kijana kutoka Honduras aliyekaa kando yangu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila jambo. Hapo nikajua pepo hahusiki.

Tulijifunza kupumua taratibu na kukaribia tunavyoviogopa hatua kwa hatua. Mimi nilianza kwa kusimama mbali na makabati, kisha karibu, kisha kulifunga langu kwa kishindo. Kazi nzito ilikuwa kusimulia ule usiku. Nilimsimulia mshauri peke yake, kwa Kiswahili, dada akitafsiri, nikarudia na kurudia hadi nikaweza kuifikisha habari mwisho wake: tulivuka, tukafika.

Mpango huo wa kikundi, uitwao CBITS, ulibuniwa Los Angeles, mwanzoni kwa ajili ya watoto wahamiaji: vikao 10 vya kikundi na vichache vya mtu mmoja mmoja. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la JAMA yalionyesha kuwa dalili zilipungua zaidi kwa wanafunzi walioanza mapema kuliko kwa waliokuwa wakisubiri zamu yao. Kwangu, jambo kubwa ni kwamba ulifanyika shuleni, saa za masomo. Kliniki tusingeenda kamwe: gari hatuna, mama yuko kiwandani zamu ya usiku.

Usingizi ulirudi, alama zikafuata. Mama alialikwa kwenye kikao cha wazazi, akasikiliza kimya hadi mwisho, kisha akamwuliza mkalimani kama watu wazima nao wana kikundi chao. Hawakuwa nacho. Kwake yeye kulikuwa na kliniki ya upande wa pili wa mji, miadi ya miezi ijayo, na mkalimani wa kwenye simu.