Namna ya Kukata Biri

Yapo mambo madogo ambayo mtu akiyatazama juu juu huyaona kuwa ni upuuzi, lakini akiyakalia kitako na kuyachambua hukuta yamebeba mengi. Namna ya kukata biri ni mojawapo. Najua wapo watakaoshangaa kwamba mwalimu mstaafu wa huku Singida, mwenye umri uliopita miaka 70, anakaa chini na kuandika habari za biri badala ya kuandika habari za shule. Nawaomba wanivumilie. Kwa upande wangu mambo haya mawili hayako mbali kama wanavyodhani.

Biri si sigara ya pakiti. Ni sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi. Ndani yamo majani ya kujazia, yakafungwa kwa jani moja la kuyashikilia, kisha likavingirishwa juu yake jani la nje, ambalo ni laini na lenye sura nzuri kuliko yote. Upande unaowashwa huwa wazi. Upande unaotiwa mdomoni huwa umezibwa kwa kipande kidogo cha jani kilichobandikwa kwa gundi, mfano wa kofia. Bila kuikata au kuitoboa kofia hiyo, moshi haupiti. Hapo ndipo linapozuka swali: itumike zana gani, na ikatwe kiasi gani?

Wazee niliowakuta utotoni hawakuwa na swali hilo. Wengi wao walikuwa watu wa ugoro, tumbaku iliyosagwa na kuchanganywa na magadi, wakaitunza katika vikopo na vipembe vidogo. Wachache walivuta kiko. Tumbaku ya kusokotwa iliuzwa sokoni kama kamba, nayo ilikatwa kwa kisu chochote kilichokuwa karibu. Biri tuliijua kwa kusikia. Mwezi Machi 1977, Fidel Castro wa Cuba alipoitembelea nchi yetu, nilikuwa mwalimu kijana, na gumzo katika ofisi ya walimu lilikuwa ndevu zake na biri yake.

Ilinichukua miaka mingi tangu siku hizo kuishika biri mkononi. Mmoja wa vijana niliowafundisha, ambaye baadaye alikwenda kusoma Cuba, alipita nyumbani mwezi wa Agosti kunijulia hali. Akaniachia kisanduku cha mbao chenye biri 10. Alinieleza vizuri nchi zilikotoka na sifa zake, lakini hakuniachia chombo cha kuzikatia.

Sisi wazee tuna baraza letu la Jumapili alasiri chini ya mwarobaini ulio mbele ya nyumba yangu. Tuko wanne. Yupo Fundi Cherehani, yupo Fundi Viatu, na yupo mzee mmoja ambaye mpaka leo tunamwita Bwana Shamba, kwa kuwa alifanya kazi ya ugani katika maeneo ya tumbaku ya Itigi na Urambo. Kisanduku kilipofunguliwa, kila mmoja akawa na shauri lake, na kila shauri lilitoka katika kazi ya mwenyewe.

Fundi Cherehani alitaka mkasi. Alisema mkasi wake unakata kitambaa kizito bila kuacha nyuzi, seuze jani. Fundi Viatu akasema kukata ni kuharibu. Kinachotakiwa ni tundu moja la mviringo katikati ya kofia, nacho anacho kile chuma cha kutobolea mikanda. Mimi nilishika wembe, kwa sababu nimechonga penseli za watoto kwa wembe maisha yangu yote. Bwana Shamba hakusema neno. Aliichukua biri moja, akaibonyeza taratibu kwa vidole viwili karibu na sikio, akairudisha kisandukuni.

Tukampa nafasi Fundi Viatu. Akaweka chuma chake juu ya kofia, akakizungusha na kukisukuma. Ikasikika sauti kama ya jani kavu lililokanyagwa. Jani la nje likapasuka kuanzia kichwani hadi katikati, na biri ikawa mafungu ya majani mikononi mwake. Tukacheka, naye akacheka. Ndipo Bwana Shamba alipofungua kinywa.

"Mmegombania zana," alisema, "na hakuna aliyeuliza hali ya jani."

Akatueleza. Tumbaku aliyoisimamia yeye ilikuwa ya mvuke, ile inayokaushwa katika mabani kwa joto la kuni. Tumbaku ya biri hukaushwa kwa hewa, kisha hulundikwa ichachuke polepole. Lakini kanuni moja ni ya majani yote: jani lililokauka mno halishikiki. Mkulima anayejua kazi hapangi madaraja wala hafungi mtumba kabla jani halijalainika kwa unyevu, maana likiguswa likiwa kavu hugeuka unga. Biri hutaka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Sisi tulikuwa Singida, mwezi wa Agosti, miezi kadhaa baada ya mvua kukoma, na upepo wetu wa kiangazi kila mtu anaujua jinsi unavyopasua midomo na visigino. Ikiwa kisigino cha mtu kinapasuka, kofia ya biri itapona vipi?

Kwa shauri lake tulichukua ndoo yenye kifuniko cha kubana, tukaweka ndani kisanduku kikiwa wazi kidogo, na pembeni kikombe chenye kipande cha sifongo kilicholowa maji na kukamuliwa. Sifongo isiziguse biri. Alionya pia tusiwe na haraka, kwa sababu jani likinywa maji kwa pupa huvimba na kupasuka kwa njia nyingine. Tungoje wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu nilikuwa na wasaa wa kufikiri. Miaka niliyokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, kabla sijapewa shule ya kuongoza, somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa uchaguzi wa mbinu za kufundishia. Mwanachuo mgeni hupenda mbinu moja. Akiipenda mihadhara, atahutubia hata darasa la kwanza. Akiyapenda majadiliano, atawajadilisha watoto jambo ambalo hawajalisikia. Kazi yetu ilikuwa kumfundisha aulize maswali manne kabla ya kuandika andalio la somo: Ninafundisha nini? Ninamfundisha nani, naye yuko katika hali gani? Nina zana zipi? Nataka somo lizae nini? Mbinu huja baada ya majibu, wala haitangulii.

Nikaona kwamba chini ya mwarobaini tulikuwa tumefanya kama wanachuo wa wiki ya kwanza.

Kwa hiyo siku ya kufungua ndoo ilipofika tulikwenda kwa utaratibu. Biri zilikuwa zimelainika. Zilibonyea kidogo na kurudi. Tukajaribu kila njia, na haya ndiyo niliyojifunza, kwa faida ya atakayeyahitaji.

Wembe ni mkali, lakini ni mwembamba na hupinda, kwa hiyo mkato huenda upande. Ni lazima biri izungushwe polepole dhidi ya wembe, mduara mzima, ndipo kofia ibanduke. Mkasi wa fundi unakata vizuri, ila unabana kichwa kabla ya kukikata, na mkono usio na uzoefu hukipondaponda. Ndiyo maana wenye kazi hiyo huko duniani walibuni kikatio kidogo chenye visu viwili vinavyokutana kwa mara moja kutoka pande zote mbili. Tundu la Fundi Viatu, safari hii jani likiwa laini, lilitoka zuri kabisa. Lina faida kwamba vipande vya tumbaku haviingii mdomoni, lakini moshi hupita kwa taabu na hufika ukiwa wa moto. Ipo pia njia ya kuchimba mfereji wa umbo la herufi V. Hiyo hutaka chombo chake maalumu, nasi hatukuwa nacho. Na ipo njia ya meno. Fundi Cherehani aliijaribu, na alasiri nzima alikuwa akitema majani. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi.

Kuhusu kiasi cha kukata, hakuna ubishi. Ni kofia tu, milimita 2 hivi, juu ya pale kichwa kinapoanza kunyooka na kuwa mwili. Ukishuka chini ya hapo umekata kinacholishikilia jani la nje, na biri itafumuka mdomoni. Kilichokatwa kidogo kinaweza kuongezwa, kilichozidi hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tulivuta biri nne siku ile, moja kila mmoja, taratibu mpaka jua likazama. Zikabaki tano, tukazirudisha ndooni.

Ningependa kuishia hapo, lakini nisingekuwa nimesema jambo lenyewe.

Mvua zilipoanza, Bwana Shamba alishikwa na sauti ya kukwaruza isiyokwisha. Alikuwa ameishi na tumbaku tangu ujana: shambani, kwenye mabani, na mdomoni. Wanawe walimpeleka hospitali, akakaa huko siku nyingi. Aliporudi alituambia kwa kifupi kwamba kooni kumeonekana kitu, kwamba kimetibiwa, na kwamba ameagizwa asivute tena.

Jumapili ya tatu tangu arudi, wenzetu wakiwa bado hawajafika, aliniomba nilete ndoo. Nikaileta. Akachagua biri moja, akaibonyeza, akanikabidhi.

"Mwalimu," alisema, "usinikatie. Nitobolee tu. Tundu dogo, moshi mdogo. Tundu dogo la kiasi hiki haliwezi kumdhuru mtu."

Ndugu msomaji, sijapewa mtihani mgumu kuliko huo tangu nistaafu. Kwetu mtu hamnyimi rika lake kitu kilicho mkononi, tena kitu alichokiponya yeye mwenyewe, maana bila maarifa yake biri zote 10 zingeishia kuwa unga. Isitoshe, alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, na koo ni lake. Kama ningemtobolea, nani angenilaumu?

Lakini nikarudi kwenye maswali yangu manne. Ninamfanyia nani, naye yuko katika hali gani? Nataka kazi hii izae nini? Nikaona kwamba hapakuwa na swali la zana tena. Tulikuwa tumetumia miezi tukipima kisu na mkasi na tundu, mpaka mwenzetu akaamini kwamba katika hizo iko moja isiyo na madhara. Haiko. Moshi wa biri, hata usipomezwa, huleta saratani ya mdomo na ya koo, na tundu dogo humfanya mvutaji avute kwa nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na sijasikia popote kwamba wamepungua kwa sababu ya namna ya kukata. Hata yule mgeni wetu wa 1977, ambaye biri ilikuwa kama sehemu ya uso wake, aliacha kuvuta mwaka 1985. Hakubadilisha kikatio, aliacha.

Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, hii ni ya kwako, sikunyimi. Lakini mkono wangu hautaikata wala kuitoboa."

Nikamrudishia ikiwa nzima, kofia yake juu yake. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaitia katika mfuko wa shati, akachukua fimbo yake, akaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata hakuja. Na iliyofuata tena hakuja. Mafundi waliniuliza kulikoni, nikawaeleza. Fundi Viatu akasema nilikuwa mkali mno kwa mtu mgonjwa. Fundi Cherehani akanyamaza. Mimi nilikaa na uzito wangu. Nilijua kwamba nyumbani kwake kuna visu, na kwamba mtu anayetaka kukata biri hahitaji mwalimu.

Jumapili ya tatu nilimwona akija kwa mbali, pole pole, upande wa shamba la alizeti. Tukasalimiana kama kawaida, akaulizia wajukuu, akakaa mahali pake. Mazungumzo yakaendelea, ya bei ya vitunguu na ya mvua. Hakuna aliyegusia biri. Zile nne zilizobaki hatujazigusa mbele yake mpaka leo, wala sidhani kama tutazigusa.

Sasa imepita miaka miwili. Sauti yake haijarudi kama ilivyokuwa, lakini tunamsikia. Mwezi wa Agosti mwaka huu, katikati ya mazungumzo, alitia mkono mfukoni akaitoa ile biri yake. Ilikuwa nzima. Akaipitisha puani, kisha akaibonyeza karibu na sikio kama siku ile ya kwanza.

"Imekauka, Mwalimu," akasema. "Ingekatwa leo ingepasuka."

Nikamuuliza anataka tuifanyeje.

"Irudi ndooni," akanijibu, akanikabidhi. "Wiki tatu. Na sifongo isiiguse."